Ramani ya Unga

Saa kumi na mbili asubuhi, theluji ya Kutaisi haijakanyagwa bado,
Daktari Lamara aliteremka ngazi za tanuri letu
kununua mikate miwili ya shoti.
Malkhazi hakumpa mkate.
"Wewe umeniona ndani," alisema, "mimi sijajiona.
Miezi miwili natembea na kovu lenye siri yako.
Nieleze utumbo wangu, daktari,
ila usinieleze utumbo."

Akacheka. Akavua glavu.
Akatandaza konzi ya unga juu ya meza ya kukandia
na kuanza kuchora kwa kidole.

Hapa kinywa. Tafuna tonge la mkate, usimeze,
hesabu hadi thelathini: litakuwa tamu.
Hukutia sukari. Mate yako yameuvunja wanga.
Hapa koo, na kilango kisicholala,
kinafunika njia ya pumzi kila umezapo.
Kikichelewa nukta moja, unapaliwa.
Hapa umio. Hata ungening'inia kama popo
tonge lingepanda kwenda tumboni:
si uzito unaolipeleka, ni misuli,
inakaza nyuma, inalegeza mbele,
kama vidole vyako vinavyorefusha donge.

Tumbo akalichora limepinda
kama pembe tunayonywea divai siku za harusi.
"Asidi iliyomo hula hata msumari.
Haikuli wewe kwa sababu ya ute,
na bitana inayobadilishwa kila baada ya siku chache."
Malkhazi akajishika shati.

Ini likachukua konzi nzima,
chini yake kifuko cha nyongo, kama tini changa.
"Kumbe hii ndiyo iliyonifanya mchungu?"
"Uchungu ni wako. Hii huyeyusha mafuta ya jibini tu."
Nyuma, kongosho,
kama mtu anayelipa madeni ya wengine bila kutaja jina.

Kisha kidole kikazunguka,
kikazunguka, unga ukaisha,
nikamwongezea.
Pima tatu na ushei, zimekunjwa mahali pa sahani moja.
Ndani yake mahameli,
kila unywele na mshipa wake wa damu, unakunywa.
"Hapa ndipo mkate unapogeuka Malkhazi."

Akafuta kipande kwa ukucha.
"Hiki nilikitoa."

Tanuri likavuma.
Nilikumbuka wodi, siku ya nne baada ya kisu,
hata maji ya mchele marufuku,
sote tumeketi tukisubiri sauti.
Lamara aliinama na chombo chake juu ya tumbo lile
kama mtu anayesikiliza mlangoni mwa nyumba isiyowashwa taa.
Ndipo mzee akajamba.
Wauguzi wawili wakapiga makofi,
na Tsiala mkewe, na haya zake zote,
akaangua kilio cha furaha.

Utumbo mpana ulikuwa fremu ya dirisha:
unapanda kulia, unakatiza, unashuka kushoto,
unakamua maji kwenye kilichobaki,
unafuga vijidudu visivyo na idadi
vinavyokula tulichoshindwa sisi.
Pembeni akaning'iniza kidole tumbo, bila maelezo.
"Na hapa mwisho, unapajua mwenyewe."

Juu ngazini wateja walikuwa wakigonga.
Nilichukua kitambaa nisafishe meza,
Malkhazi akanidaka mkono.
Akalaza donge juu ya ramani,
juu ya ini, juu ya pengo,
akalivuta ncha mbili,
akainama ndani ya joto hadi kiunoni
na kulibandika ukutani.

Lilipotoka lilikuwa na mistari hafifu upande mmoja.
Labda ni mikunjo tu.
Daktari hakungoja lipoe. Akalimega,
mvuke ukamfunika miwani,
akatafuna polepole, bila kusema neno,
na mimi nikaona midomo yake
ikihesabu.